Jina la Juu Yake

"Mia nne kumi na tisa," Bwana Thackray alisoma kwa sauti. "Garbutt, Enid Rose."

Enid alikuwa amesimama upande usio wake wa meza, mkoba umening'inia mkononi, akiona haya kama mpishi aliyepakuliwa chakula jikoni mwake mwenyewe. Lakini ndiyo taratibu. Karani wa kituo, kama yeye, akitaka kupiga kura anasimama mbele ya meza kama wapiga kura wengine, anaonyesha kitambulisho chenye picha, na jina lake linasomwa na mtu mwingine. Alionyesha pasi yake ya basi ya wazee. Bwana Thackray, ambaye mwaka mzima alikuwa akipokea malalamiko ya mapipa ya taka katika ofisi za halmashauri na leo alikuwa msimamizi wa kituo, aliweka rula chini ya jina na kupiga mstari. Kisha rula ikabaki palepale.

"Na huyu wa juu yako? Mia nne kumi na nane, Cyril Edmund. Ni mzee wako, siyo?"

"Ndiyo."

"Mbona hujaja naye?"

"Atakuja baadaye," Enid alisema.

Lilimtoka tu. Alichukua karatasi yake, akaingia kibandani, akaweka alama yake kwa penseli iliyofungwa kwa uzi.

Cyril, mumewe, alikuwa amekufa tangu Septemba.

Walikwenda Uskoti kumtembelea dada yake Cyril, na siku ya kumi mzee aliketi avue viatu, asiinuke tena. Wakamzika hukohuko kando ya mama yake, waombolezaji kumi na mmoja na mvua. Enid akarudi Aldersby kwa treni na masanduku mawili. Mji huo walihamia uzeeni, kwa sababu nyumba zilikuwa rahisi na Cyril alipenda bwawa la kuogelea la Mtaa wa Chandler. Miaka mitatu haikuwatosha kupata mtu wa kugongewa mlango na kupewa habari. Watu wa hapa wanasalimiana kuhusu mvua, basi wamemalizana. Wiki ya kwanza hakumwambia mtu kwa sababu hakuweza. Wiki ya nne hakumwambia mtu kwa sababu angeulizwa siku zote hizo alikuwa wapi. Msiba usiposemwa mapema hugeuka aibu, na Enid alikuwa mtu wa haya tangu utotoni.

Cyril angefia hapa mjini, ofisi zingeambiana zenyewe. Alifia mbali. Oktoba ikaja barua ya daftari la wapiga kura yenye majina yao mawili, na chini yake maneno haya: kama hakuna mabadiliko, huna haja ya kujibu. Enid aliisoma akiwa amesimama, akaichomeka nyuma ya saa ya ukutani. Hakuandika uongo wowote. Alinyamaza tu, na kimya nacho ni jibu.

Sasa alirudi kwenye kiti chake, akavuta rula.

Kazi hii aliiomba mwaka waliohamia, kwa ajili ya kusikia watu. Siku moja kwa mwaka, watu mia sita waliingia katika ukumbi huu wa skauti unaonuka mikeka ya zamani, na kila mmoja akamtajia jina lake. Naye akalirudia kwa sauti, akapiga mstari. Mwenye mstari amekuja. Asiye na mstari hajaja. Hakuna kazi nyingine duniani iliyo wazi namna hiyo.

"Nimekuja na kalamu yangu," alisema bibi mmoja mwenye kofia ya sufu. "Hizo penseli zenu zinafutika."

"Bi Olive," alisema Bwana Thackray, "miaka kumi na nne nimekaa hapa, sijawahi kumwona mtu na raba."

"Utamwonaje? Mwizi anakuonyesha ufunguo?"

Enid alicheka, na kicheko kikamshangaza. Halafu macho yake yakashuka tena kwenye ukurasa ule, pale penye mstari mmoja na jina moja tupu juu yake.

Mwaka huu kata nzima ilikuwa ikigombania jambo moja. Halmashauri ilitaka kulifunga bwawa la Mtaa wa Chandler, na Ruth Skipwith, mgombea asiye na chama, alitaka udiwani ili azuie lisifungwe. Uchaguzi uliopita alishindwa kwa kura tisa. Kwa hiyo watu wake hawakuacha kura ilale chini. Mlangoni aliketi Desmond Fairlie, dereva wa basi mstaafu, ua la utepe wa buluu kifuani na mbwa wake miguuni, akimwomba kila anayetoka namba yake ya daftari. Namba hizo zilipelekwa jikoni kwa Ruth na kulinganishwa na orodha ya walioahidi kura. Jioni, aliyeahidi na hajaja hufuatwa nyumbani.

Desturi hiyo Enid aliijua vizuri sana. Hakuikumbuka tu wakati alipotakiwa kuikumbuka. Na kiangazi kilichopita Cyril alimwahidi Ruth kura yake pale mlangoni kwao, taulo begani, maji yakimchuruzika.

Saa kumi alasiri Bwana Thackray alimletea chai. "Mzee bado? Kama ni miguu, mwambie apite mlango wa pembeni, hauna ngazi." Saa kumi na mbili akasogeza karibu na kibanda kiti pekee chenye mikono. "Akae akipenda," alisema. Enid alishukuru. Wema ule ulimchoma kuliko tusi.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo kitamuumbua. Mficha kifo hawakumtaja. Labda hawakuwahi kumwona.

Saa mbili na nusu usiku, kukiwa bado na mwanga dirishani kama ilivyo mwezi wa Mei, ukumbi ulikuwa mtupu Desmond alipoingia akihema. Alikuwa amemwacha mbwa nje.

"Bi Enid, natoka kwako. Usishtuke, bibie. Nimebisha, hakuna jibu. Redio inaongea, taa inawaka. Nimechungulia kwenye tundu la barua, nimeona buti zake pale chini. Nimeita, 'Cyril! Cyril!' Kimya. Isije ikawa ameanguka! Una ufunguo? Au niwapigie watu wa ambulensi wavunje mlango?"

Bwana Thackray alikuwa ameshasimama. "Nenda, Bi Enid. Nenda naye, kituo niachie mimi."

Simu ilikuwa tayari mkononi mwa Desmond, kidole juu ya namba. Enid aliiona akilini redio ile ikiongea peke yake, maana yeye ndiye aliyeiacha ikiongea, kila siku, ili atakaporudi asikute nyumba imenyamaza. Aliziona buti. Alimwona mtu huyu mzima amepiga magoti barazani kwake, akiliita jina lile kupitia tundu la barua, jina ambalo nyumba haikuwa imelisikia miezi minane.

"Hajaanguka," alisema. "Amekufa. Amekufa Septemba, Uskoti. Tumemzika huko."

Desmond aliirudisha simu mfukoni polepole.

"Sikumwambia mtu," Enid aliendelea. "Sikuwa na mtu wa kumwambia."

"Cyril," Desmond alisema. "Ngoja. Siyo yule wa kofia ya njano? Anayehesabu mizunguko kwa sauti bwawani mpaka wengine tunapotea hesabu?"

"Huyo."

"Ah, jamani." Desmond aliketi kwenye kiti chenye mikono bila kujua kimewekewa nani. "Sisi majina hatuyajui, bibie. Mle ndani tunajuana kwa kofia. Tulisema labda amehamia zamu ya jioni. Ndoano yake ya koti, ya nne kutoka mlangoni, mpaka leo hatujaitundikia kitu. Tunasema asije akarudi akaudhika."

Enid alilia hapo, mezani, mbele ya watu. Hakuona haya.

Baadaye Bwana Thackray alikohoa. "Sisi hapa hatufuti jina," alisema kwa upole. "Ofisi ndiyo inayofuta. Kuna fomu. Si lazima iwe kesho."

"Nipe," alisema Enid. "Nitaijaza. Lakini kwanza ningependa kulisoma. Kwa utaratibu."

Bwana Thackray alimtazama, kisha akaketi mahali pake kando ya sanduku, akanyoosha tai.

Enid aliweka rula chini ya jina. "Mia nne kumi na nane," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Garbutt, Cyril Edmund."

Penseli hakuigusa. Bwana Thackray aliweka mkono juu ya rundo la karatasi za kura, kama alivyofanya kwa kila mtu tangu asubuhi, akageukia mlango, akangoja.