Kondo la Suying

Mama mkwe aliingia wodini na bakuli la kuku wa tangawizi na mvinyo wa mchele, na kwapani chungu kidogo chenye kifuniko. Suying hakumtazama kuku. Alikitazama chungu, maana alijua ndani mna nini: mvinyo uleule. Kwenye ukoo wa mumewe kondo la nyuma huoshwa kwa mvinyo, likazikwa kando ya mlango wa nyuma, mtoto asije akawa mzururaji.

Kondo la mimba ya kwanza lilioshwa hivyohivyo. Mtoto mwenyewe alizaliwa hana pumzi, mdogo kama kiatu. Daktari Ruan alipotaka kulipima akakuta mvinyo umeshaziharibu protini, hakuna la kusoma tena. Ndipo alipomweleza Suying polepole, kama anayemenya njugu, kwamba kondo hutoa protini ya kuita mishipa ya damu ikue, na nyingine ya kuizuia. Hii ya kuzuia ikizidi, mishipa huwa haba, na mtoto huona njaa humohumo tumboni.

Safari hii damu ya Suying ilionyesha protini ya kuzuia imeanza kupanda tena. Asubuhi hiyo mtoto alitolewa kabla ya siku zake, msichana, kilio chembamba kama cha paka, lakini yu hai. Sasa daktari akaleta kondo kwenye sinia la barafu. Mama mkwe akafunua chungu.

"Mama, usilitie mvinyo," Suying alisema.

"Kwani nalo lina mwenyewe siku hizi? Mimi nimezaa wanne, hakuna aliyenipimia hata ukucha."

"Wako walishiba, Mama. Wangu wa kwanza alikufa kwa njaa, na wewe ulikuwa unanilisha kila siku. Nataka nijue nani alimnyima. Na huyu akija kupata mdogo wake, asinyimwe."

Majirani walikuwa wamesema chinichini kwamba mama mkwe alimbania Suying nyama, na yeye alisikia, wala hakumjibu mtu. Akaumimina mvinyo wote kwenye bakuli la kuku, usipotee bure, akakifuta chungu kwa shali yake mpaka kikakauka, kisha akakisogeza karibu na sinia.

"Haya, daktari, kata. Ila usiwe mroho, mlango wangu nao unangoja fungu lake."

Daktari akakata vipande kama ncha ya kidole gumba, akavitia kwenye kikopo chenye barafu. Suying alimfuata kwa macho mpaka kikopo kikafungwa. Ndipo akaomba paja la kuku.