Nyusi ya Asger

Katika jiji zima la Aarhus hakuna anayejua kutulia kunishinda mimi, Asger. Nikiambiwa nisitikisike, njiwa anaweza kunitua kichwani, akataga, akaatamia. Shikeni hilo kwanza.

Mwaka jana, kwenye moto wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, niliinama kupuliza kuni zilizogoma. Zikakubali usoni pangu. Niliondoka pale na nyusi moja, upande mmoja nimeshangaa, upande mwingine sijasikia habari.

Kovu halioti nywele, kwa hiyo hospitali wakaniingiza kwenye jaribio la tiba mpya. Walinikata kipande cha ngozi nyuma ya sikio, kidogo kama dengu, wakatoa seli zinazootesha nywele, wakazikuza wiki sita. Zikaletwa ndani ya bomba la sindano. Bomba moja tu.

"Zina saa moja, halafu zinakufa," alisema Daktari Vestergaard, mama ambaye meno yake sijawahi kuyaona. "Na nyingine hatukuzi, jaribio linafungwa. Kwa hiyo utulie."

"Daktari, unaongea na jiwe."

Nesi Bodil alikuwa akilizungusha bomba kiganjani, taratibu, maana seli huzama chini, na ukizitikisa kwa nguvu zinapasuka. Daktari akachukua kalamu ya zambarau, akanichorea nyusi ili apate mstari wa kufuata. Kosa lilikuwa kunipa kioo. Nilifanana na shangazi Gudrun siku ya harusi yake ya tatu.

Nikacheka. Daktari akasubiri, akalichomeka bomba kwenye kifaa chenye sindano fupi fupi, akabonyeza. Kikalia kwaa, kama bata. Nikacheka hadi kiti kikasogea.

"Dakika arobaini," nesi akasema.

"Fikiria jambo la huzuni," daktari akasema.

"Nafikiria nyusi yangu." Nikaanza upya. Kwaa, mkono wa daktari ukateleza.

"Hiyo imeingia juu ya pua," daktari akasema, kama anayesoma ratiba ya treni.

"Dakika ishirini."

Sasa nilitaka kuacha na siwezi. Machozi yalikuwa yananitoka, mbavu zinauma, na kila nikiiwaza ile nyusi inafia ndani ya bomba, kicheko kinapanda tena.

"Nesi, nisaidie. Kweli naitaka."

Bodil akakunja mikono ya sare yake, akanibana kichwa kwapani kama bata wa karamu ya Novemba anayepelekwa jikoni. "Haya, mwanangu, cheka kwa miguu."

Nikacheka kwa miguu, nikipiga mateke hewani. Kwaa, kwaa, kwaa, hadi bomba likaisha, zimebaki dakika nne.

Mwaka huu moto uliwashwa tena ufukweni. Nyusi ilikuwa imeota, nene, na mimi nilisimama mbali na kuni, karibu na Liva, msichana ambaye tangu Machi nilikuwa natafuta la kumwambia.

"Walinichoma mara mia mbili," nikamwambia. "Sikupepesa hata kope. Daktari alisema hajawahi kuona mtu mtulivu vile."

Liva akasogea, akanichungulia. "Na huu unywele mmoja juu ya pua?"

"Wa ukoo. Babu alikuwa nao."

Nyuma yetu mama mmoja alikuwa anaoka mkate uliozungushwa kwenye kijiti, akiuzungusha juu ya makaa, taratibu, kwa mkono ambao niliujua.

"Mwambie na habari za miguu," Bodil akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mkate wake.