Teke la Mama Mkwe

Mbuzi yule tulimwita Mama Mkwe kwa sababu hakuna alichokipenda: si majani, si banda, na mimi ndiyo kabisa. Asubuhi hiyo nilimchoma sindano kwenye uti wa mgongo, ya dawa ambayo sisi madaktari wa mifugo huitumia kumtuliza mnyama tu. Nilitaka kujua kama ikiwekwa hapo itatia ganzi tumbo na miguu ya nyuma, ili mbuzi aliyeshindwa kuzaa apasuliwe akiwa macho. Ukimlaza usingizi kabisa, anaweza kupaliwa na chakula kinachorudi kutoka tumboni, akafa. Nimewapoteza kadhaa hivyo, na bado inaniuma.

Mama Mkwe akalala chini. Nikabana ukwato wa nyuma kwa koleo. Wala hakushtuka.

"Huyo kasinzia tu, binti yangu," akasema Profesa, mkuu wetu. "Dawa imempanda kichwani. Hapo hamna ganzi."

Nikapandwa na hasira. Nikabana ukwato wa mbele. Mama Mkwe akauvuta mguu na kunitazama kwa jicho baya.

"Mbele anasikia, nyuma hasikii," nikasema. "Aliyesinzia hachagui miguu, Profesa."

Akakuna kidevu. "Haya, ganzi ipo. Itatoka? Asiposimama leo, umempoozesha, na jaribio hili nalifunga."

Nikaketi kwenye majani makavu, chakula cha mchana kikanipita. Nikamsugua Mama Mkwe mapaja, nikambembeleza, nikamwomba radhi. Miguu ilikuwa imelegea tu.

Fundi wa maabara, aliyekuwa amemshika kichwa, akacheka. "Dokta, mama mkwe wako wa kweli anajua unaweza kubembeleza hivi?"

"Nyamaza, umshike vizuri," nikamjibu. Nilikuwa karibu kulia.

Jioni Profesa akarudi, amekunja uso. Akachukua koleo, akachutama nyuma ya mbuzi, akabana ukwato.

Teke lilimpata gotini. Profesa akakaa kwenye ndoo ya maji bila kupenda. Mama Mkwe akajikongoja, akasimama kwa miguu yote minne, akanusa majani niliyomwekea na kuyakataa. Machozi yakanitoka na sikuyaficha.

Profesa akasugua goti lake.

"Imetoka," akasema. "Kesho leta mbuzi wa pili. Lakini huyo utambana wewe."