Daftari Lililofungwa Kamba ya Ng'ombe

Kila Jumapili saa kumi na moja jioni, Silvère aliweka televisheni kwenye dirisha la sebule yake, kioo kikitazama uani, ili majirani waone bila kuingia ndani na viatu vya tope. Alikuwa fundi wa magari kule Gatsata, na televisheni ile ilikuwa ya kwanza katika kipande chao cha Nyakabanda. Antena aliifunga juu ya mti wa mkaratusi. Mama yake, mzee Mukamana, alitandika mikeka. Mkeka wa mbele aliukung'uta mara mbili, kwa sababu ndio uliokaliwa na watoto.

Mwaka ule wa 1993 mchezo uliowakusanya ulikuwa wa Rwagitare, jambazi wa zamani. Wote walimjua tangu utotoni. Bibi zao waliwasimulia jinsi alivyoiba ng'ombe wa machifu na kuwaacha alfajiri katika nyua za wajane, kila ng'ombe na kamba yake yenye fundo moja ambalo hakuna mwingine aliyejua kulifunga. Sasa walimwona kwa macho, mrefu, mwembamba, na joho la ngozi begani.

Vestine, mjane aliyeishi ng'ambo ya ukuta wa Silvère, alileta pombe ya mtama. Aliileta kila Jumapili tangu televisheni ilipofika, kwa kuwa aliona si vizuri kutazama vya mtu mikono mitupu. Aliweka chungu katikati ya uwanja, akavuta kwanza kwa mrija wake, kama mwenye pombe anavyopaswa kufanya ili wengine wajue haina sumu, kisha akawakaribisha.

Zamani mirija kumi na miwili iliingia katika chungu kile. Lakini vita vilikuwa vimeanza mpakani, na watu wa kabila la Vestine waliitwa washirika wa adui redioni, kanisani na kwenye bomba la maji. Mirija ikapungua. Mwezi wa pili mwaka ule ulibaki mmoja, wa Mukamana, aliyesema kwamba katika umri wake sumu ingemkuta amekwisha kufa.

"Mama Claudette, umeonja upande gani?" mtu aliuliza kutoka mkeka wa nyuma. "Onja na upande huu."

Vestine akaonja upande huo.

"Hatujaona vizuri. Onja tena."

Akaonja tena. Waliendelea hivyo mpaka macho yake yakawa mekundu, na hakuna aliyekunywa. Binti yake Claudette, mwenye miaka kumi na saba, alitazama chini. Claudette alikuwa amepata nafasi katika shule ya wauguzi Bujumbura, alikokuwa mama yake mdogo. Alichokosa ni barua ya ruhusa kutoka kwa Viateur, mkuu wa seli, yaani serikali ya mtaa wao. Alikuwa amekwenda kuiomba mara sita. Mara ya sita Viateur alimwambia wino umekauka, akaendelea kuandika.

Jumapili hiyo Rwagitare alikuwa anawakimbia watu wa chifu. Alikimbia bondeni, akapanda kilima, akafika karibu sana na kioo akihema, akapitisha mguu nje ya kioo, dirishani, na kushuka uani. Alitikisa umande kwenye joho lake mbali na watoto.

"Mwiriwe," alisema.

"Mwiriwe," waliitikia wote.

Aliangalia vyungu, cha Vestine na vya majirani wengine. Cha Vestine ndicho kilichokuwa kimejaa. Vestine alionja kwa mara nyingine, bila kuambiwa. Rwagitare akachukua mrija, akapiga goti, akanywa mpaka chungu kikafika nusu.

"Pombe nzuri," alisema. "Nina kiu tangu Jumapili iliyopita."

"Unatuzibia," alisema Silvère, naye Rwagitare akasogea.

Viateur alikuwa amekaa kwenye kiti, si mkekani, na daftari lake likiwa ndani ya koti. Kanuni ilisema mgeni yeyote anayelala katika seli aandikwe. Akalifungua gotini.

"Aliyenywa ya mtu ni mgeni wa mtu huyo. Jina?"

"Rwagitare."

"Kitambulisho?"

"Sina."

"Kabila?"

"Mimi ni mwizi."

"Hiyo ni kazi. Nimeuliza kabila."

Rwagitare alifikiri kwa heshima. "Wakati wangu mtu aliulizwa ana ng'ombe wangapi."

Viateur aliangalia chungu, akaangalia mrija, akaandika katika safu ya kabila neno lile lile lililoandikwa kwa Vestine. "Umekunywa kwake," alieleza. Kwenye kioo watu wa chifu waliendelea kupekua vichaka mpaka mchezo ulipokwisha.

Rwagitare alikaa kwa Vestine wiki nzima. Alilala jikoni, karibu na mafiga, na aliamka mapema kuchota maji kabla wanawake hawajajaa kwenye bomba, kwa sababu alikuwa amesikia wanavyomwambia Vestine arudi nyuma ya foleni. Claudette alimshonea joho lililochanika kwapani. Mukamana alimpitishia viazi juu ya ukuta, akisema ni vya kuku, ingawa Vestine hakuwa na kuku.

Alhamisi alfajiri Vestine alifungua mlango akakuta daftari uani. Lilikuwa limefungwa kamba ya ng'ombe, na kamba imefungwa kwenye mti wa papai kwa fundo ambalo hakulijua.

"Nilitafuta ng'ombe kwa Viateur," Rwagitare alisema. "Yule mtu hana hata mmoja. Anacholala nacho chini ya mto ni hiki. Basi ni chako."

"Mimi nifanye nini na daftari la watu?"

"Wajane hawaniulizi hivyo. Hukamua tu."

Fundo lilimchukua Vestine muda mrefu. Kurasa za mbele zilikuwa za kawaida: waliozaliwa, waliohama, wageni, mbuzi aliyeharibu bustani ya mtu. Za nyuma zilipigwa mistari kwa rula, safi, kama za mwalimu. Kushoto ziliandikwa nyumba za watu wa kabila lake, moja moja, na idadi ya waliomo, pamoja na watoto wachanga. Kulia, mbele ya kila nyumba, liliandikwa jina la mtu mmoja wa seli. Juu ya kurasa hizo Viateur aliandika: Kazi, siku itakapotangazwa. Nyumba ya Vestine ilikuwa ya nne. Watu wawili. Mbele yake: Silvère, fundi, atajinunulia panga mwenyewe.

Vestine alisoma mpaka jua likapanda. Kisha akapika uji, kwa sababu Claudette alikuwa hajala.

Jumapili alipeleka chungu na daftari. Aliviweka vyote viwili katikati ya uwanja, akaonja pombe, akafungua kurasa za nyuma akasoma kwa sauti, taratibu, nyumba na jina, nyumba na jina. Alidhani watu watashtuka. Aliyekuwa anakula karanga aliendelea kula karanga. Mwanamke mmoja alimsahihisha jina la mumewe, alisema kuna herufi inayoandikwa mara mbili. Hapo Vestine akaelewa kwamba katika uwanja ule yeye na binti yake ndio pekee waliokuwa hawajui. Mukamana naye alikuwa anajua. Aliinamisha kichwa, akauondoa mrija wake chunguni, akaufuta kwa kitenge, akaurudisha.

"Silvère," alisema Vestine. "Hapa pana jina lako."

Silvère alikuwa anageuza antena. Alishuka kwanza, akajipangusa mikono.

"Mama Claudette, hayo ni mambo ya mkutano. Mimi sikujichagua."

"Ulikubali?"

"Nilichelewa. Siku hiyo tulikuwa na lori gereji, halikuwaka mpaka saa nane. Waliofika mapema walichukua nyumba za mbali, za watu wasiowafahamu. Nilipofika ilikuwa imebaki yako." Aliona aibu kidogo, kama mtu aliyealikwa harusini akafika na nguo za kazi. "Kwa jirani ni vigumu. Niliwaambia hivyo. Waliandika kwamba nimesema."

"Ni kweli," alisema Viateur. "Imeandikwa." Akanyanyuka, akalichukua daftari, akahesabu kurasa. Hakuna iliyopungua. Alimshukuru Vestine kwa kulikinga na mvua, akakaa tena kitini.

Mchezo ukaanza. Kwenye kioo ng'ombe wa Rwagitare walikuwa wamesimama kileleni bila mchungaji, wakilia kwa kutokamuliwa. Rwagitare alichukua fimbo yake.

"Lazima nirudi," alimwambia Vestine. "Wataharibika viwele."

"Mchukue Claudette."

"Mimi sijui kuchukua watu. Najua ng'ombe."

"Mchukue kama ng'ombe."

Rwagitare aliangalia kimo cha msichana, akaangalia upana wa dirisha. Alichomoa kamba kiunoni, akamfunga Claudette mkononi fundo lake, si kwa kukaza, akatangulia kuingia ndani ya kioo.

Mukamana alivua kitenge chake, akabaki na gauni tupu katika ubaridi wa jioni. "Huko milimani baridi ni kali, mtoto wangu," alisema. "Jifunike kifua." Kisha akamshikilia kiwiko wakati anapanda, ili asijikwaruze kwenye kizingiti cha dirisha alichokijenga mwanawe.

"Mama, nawe njoo," alisema Claudette.

Vestine alijaribu. Aliingiza mkono, ukagonga kioo. Rwagitare alikuwa hajawahi kuiba zaidi ya mmoja katika ua mmoja, na kamba ilikuwa moja. Claudette alikuwa amekwisha kufika upande wa pili, mdogo kama kidole, kitenge kimemfika visigino.

Viateur aliandika: Ameondoka bila ruhusa. Kwenye kurasa za nyuma alikata ile mbili, akaandika moja.

Tangu hapo Vestine hakukosa Jumapili hata moja. Hakuwa na televisheni nyingine ya kuendea. Jumatatu hadi Jumamosi alikwenda kulala kwa watu wa parokia, mara huku mara kule, na Jumapili mchana alirudi kupika pombe na kuleta chungu. Alionja walipomwambia aonje. Walimwambia binti yake ameharibu mchezo, kwamba sasa Rwagitare anaiba kidogo na kuchunga sana. Aliitikia kwamba ni kweli. Alikaa mbele kabisa, kwenye mkeka uliokung'utwa, na watoto walimpisha bila kuambiwa.

Claudette alionekana karibu kila mara, si kwa muda mrefu. Jumapili moja alikamua. Jumapili nyingine alivuka mto, maji yakimfika magotini, na Vestine akanyanyua mguu wake mwenyewe. Alikuwa amenenepa mashavuni. Mwezi wa kumi alijua kulifunga lile fundo.

Jumapili ya mwisho kabla ya Pasaka ya mwaka 1994, Claudette alisogea karibu sana na kioo, kama Rwagitare alivyosogea siku ile ya kwanza. Hakumtazama mama yake. Alitazama juu ya kichwa chake, nyuma, mahali aliposimama Silvère, ambaye alikuwa ametoka gereji moja kwa moja na alishika mkononi kitu kirefu kilichofungwa kwenye gazeti, kipya, chenye grisi ya dukani. Claudette alifungua mdomo, lakini wakati huo sauti iliyotoka kwenye televisheni ilikuwa ya mwimbaji wa mchezo, na maneno yake hayakusikika.

Mukamana aliuona uso wa msichana. Akageuka kumtazama mwanawe, kisha akaenda kukaa nyuma ya Vestine, mgongo kwa mgongo, mzee wa kilo arobaini.

"Mukecuru, mama yangu, toka hapo, utaumia kiuno," Silvère alimwambia.

"Niko vizuri."

Silvère alisubiri. Kisha akaegemeza kile kitu ukutani, akapanda kugeuza antena, kwa sababu picha ilikuwa inacheza. Aliishikilia kwa mkono mpaka Claudette akaonekana vizuri, amesimama kati ya ng'ombe, analia.

"Sasa mnaona?" aliuliza kutoka juu.

"Tunaona," walijibu.

"Mama Claudette, sogea kidogo kulia. Wa nyuma hawaoni."

Vestine akasogea, na Mukamana akasogea naye.