Kizuizi cha Ndoa ya Binti wa Daktari

Wakili Lidgett alikuwa bahili hata wa kupiga chafya. Wenye nazo wenzake wa Bristol, Uingereza, walilipia kibali wakaoa kimyakimya. Yeye akaona hasara, akaacha ndoa yake itangazwe kanisani Jumapili tatu, kama ya wauza samaki.

Ubahili huo ndio uliompa Phibba nafasi. Bwana wake, Dokta Yeames, alikuwa na hisa katika shamba la miwa kisiwani Nevis, huko Karibi. Alimpa binti yake, mchumba wa Lidgett, aingie nayo kwenye ndoa: ardhi, vinu, watumwa, na Phibba mpishi awe nyongeza. Meli ya kumrudisha Nevis ingeng'oa nanga siku moja baada ya Jumapili ya tatu, maji yakijaa.

Mchungaji akatangaza mara ya mwisho, akauliza kwa mazoea, huku keshaanza kufunua ukurasa: "Kuna mwenye kujua kizuizi?"

"Mimi hapa!"

Phibba alikuwa amesimama kule nyuma, kwenye viti vya watumishi. Wigi la dokta liligeuka kabla ya kichwa chake.

"Keti, we mwanamke!"

"Nimekaa jikoni kwako miaka, dokta. Leo magoti yamegoma."

Keziah muuza samaki akacheka mpaka kofia ikamvuka. "Mwacheni aseme! Si mmeuliza wenyewe?"

Mchungaji, ambaye naye alikula faida ya sukari hiyohiyo, akakohoa. "Kizuizi gani? Bwana arusi ana mke?"

"Kizuizi ni mimi. Wamenitia kwenye mali ya arusi pamoja na vinu. Mimi si wa dokta, si wa binti yake, na meli hiyo sipandi. Anayebisha abishe hapa, mbele za watu, asije kunivizia gizani."

Dokta akamkodolea macho mkwewe: wewe ndiye mjuzi wa sheria, sema! Lidgett akainuka, uso mweupe kama mtindi.

"Dokta, mimi nilikubali mali isiyo na ugomvi. Hii imepingwa mbele ya kanisa zima. Kesi yake itanila mpaka soksi. Mtoe kwenye orodha ya mali."

"Bwana wakili!"

"Simtaki. Ana kelele."

"Basi anabaki wangu," dokta akafoka, akaruka kumkamata.

Akamkuta Keziah njiani, na nyuma ya Keziah wauza samaki wote, mikono viunoni, wakinuka kazi yao.

"Pita basi, dokta," Keziah akasema. "Jaribu."

Dokta hakupita. Phibba akatoka kwa mlango mkubwa, ule wa mabwana. Kizingitini akageuka.

"Wakili, na wale watumwa wa Nevis umewakubali? Subiri uwasikie. Hao kwa kelele wananishinda."