Nukta Nne za Siku ya Mnada

Nukta nne, kila moja kipimo kimoja cha maji, zilikuwa zimepanda sehemu ya juu ya karatasi ya miraba, peke yao, kama mbuzi waliokwea paa. Thelathini na mbili nyingine zilijilalia chini. Nilisimama ghafla, kiti kikaanguka.

Ilikuwa Karatu, mwaka 2001. Nilikuwa fundi mgeni wa maabara ya maji, na kesho yake mkuu wangu, Bwana Elimringi, angetia saini barua ya kufunga chemchemi ya kijiji. Wastani wa floraidi, madini yanayotia meno kahawia, ulikuwa umezidi kiwango kinachoruhusiwa. Kina mama wangerudi kwenye bwawa la ng'ombe, lile lililowaharisha watoto wao mwaka uliotangulia.

"Wastani ni wastani, Aneth," alikuwa ameniambia. "Usiupigie ramli."

Niliandika tarehe chini ya kila nukta. Zile nne zote zilikuwa za tarehe saba, siku ya mnada wa kila mwezi mjini. Chemchemi ingejuaje kalenda? Furaha ilinipanda. Nikachukua pikipiki ya ofisi.

Mama Domitila, aliyetujazia chupa kwa miezi minne, alikuwa anakoroga makande.

"Shikamoo, mama. Siku ya mnada chupa zetu zinakaa wapi?"

"Marahaba. Naenda nazo. Zina kifuniko kizuri, natia magadi ya makande, hayalowi." Akanitazama kwa mashaka. "Lakini nikirudi nazisuuza, mwanangu, ndiyo najaza maji. Mimi si mchafu."

Magadi ya huku yana floraidi tele, na kusuuza mara moja hakuyamalizi. Nilicheka mpaka machozi, nikamkumbatia na mwiko wake mkononi.

Nilipomweleza ofisini, Elimringi hakucheka. "Ukifuta nukta zinazokuudhi, huo ni wizi."

"Sifuti, bosi. Naomba tarehe saba moja tu. Nijaze mwenyewe, chupa mpya."

Akaifungia barua yake kwenye droo ya meza, bila saini. Nilisubiri siku kumi na moja. Mnada ulipofika, wengine waliteremka mjini, mimi nikapanda chemchemini.

Jioni tulisoma kipimo pamoja. Elimringi alikisoma mara mbili. Kisha akatoa kalamu aliyokuwa ameitenga kwa ile saini, akaweka nukta ya thelathini na saba kwa mkono wake, chini, katikati ya wenzake.

Karatasi hiyo ninayo bado. Nukta yake ni kubwa kuliko zangu zote.