Mtoto wa Amélie

Mimi ni mtu wa kuchungulia. Mama yangu alisema pua yangu itanipeleka pabaya. Ikanipeleka ofisi ya chanjo, ambako nalipwa kwa kuuliza maswali. Kwa hiyo kifaduro kilipoanza kusikika mitaa ya kaskazini mwa jiji letu, nilikwenda kuchungulia daftari la chanjo la kituo kimoja kidogo cha afya huko Cibitoke. Watoto wengi walikuwa wamedungwa sindano ya kuzaliwa, kisha hawakuonekana tena. Wamekwenda wapi? Ikiwa kweli hawakurudi, basi wako mitaani bila kinga.

"Dada Joëlla, mi sijui," alisema Caritas, muuguzi wa pale. "Kwenye foleni naona batoto tele. Kwenye daftari wanapotea."

Nilimpenda hapo hapo kwa kutojitetea. Tukatoka pamoja kuwatafuta, tukiuliza kwa majina ya mama zao, maana wote waliopotea waliandikwa hivyo: mtoto wa fulani.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa Tahani. Tulimkuta Tahani dukani kwa mumewe Sleiman, kati ya majora ya vitambaa, na mtoto mnene mapajani akitafuna kona ya khanga.

"Uyu? Apana, uyu iko na chanjo zote," alisema, akatoa kadi. Iliandikwa Azhar Sleiman.

"Na mtoto wa Tahani ni nani?"

Alicheka. "Si ni yeye! Siku ya sindano ya kuzaliwa alikuwa bado hana jina. Sisi tunangoja siku ya saba, tuchinje akika, ndipo tunamuita. Muganga uyu akaandika jina yangu. Tuliporudi, akaandika Azhar."

Caritas akajishika kichwa. Kumbe mtoto akishapata jina, yeye alimfungulia mstari mpya; ule wa zamani ukabaki mtupu. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi mle dukani. Nyumba iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata, Waislamu kwa Wakristo: huyu alimngoja baba arudi safarini, yule alimngoja babu ashuke kutoka mlimani atoe jina. Hakuna aliyepotea. Walikuwa wamepewa majina tu!

"Turudi tufute hii mistari," nilisema, kalamu tayari mkononi.

"Haraka haraka haina baraka," Caritas alinitania. "Amebaki mumoja, kule Gasenyi. Si unapenda kuchungulia?"

Nilikwenda kwa udadisi tu, nisikie hilo jina jipya ni lipi.

Amélie alikuwa uani akifua. Mtoto alikaa kwenye mkeka, meno mawili mdomoni, akitukodolea macho.

"Anaitwa nani huyu mzee?" niliuliza.

"Hana jina."

"Mpaka leo?"

Aliendelea kufua. "Wale wawili mbele yake niliwapa majina mazuri. Nikawazika nayo. Uyu nikasema asiitwe kwanza, kifo kisimujue."

Caritas ndiye aliyeuliza habari ya chanjo.

"Nilikuja kwa sindano ya pili, muganga. We mwenyewe uliniuliza jina ya mutoto. Nikasema hana. Ukasema enda kwanza umupe jina, bila jina siandiki. Watu kwenye foleni wakacheka. Sikurudi."

Caritas alichuchumaa kando ya beseni. "Nilitaka daftari safi," alisema polepole. "Unisamehe, mama."

Nilirudisha kalamu mfukoni. Niliogopa, nasema kweli. Kati ya wote tuliowatafuta, mmoja tu ndiye aliyekuwa amepotea, nami nilikuwa karibu kumfuta pamoja na wenzake.

"Njoo naye sasa hivi," Caritas alimwambia. "Jina sitakuuliza."

Amélie aliikamua nguo aliyokuwa akifua. Kisha akakausha mikono, akamfunga mtoto mgongoni, tukarudi sote Cibitoke. Mtoto alidungwa, akalia kwa hasira iliyonipendeza sana. Caritas alifungua ukurasa wa zamani, akatafuta mstari ule ule, akajaza chanjo ya leo mbele ya maneno "mtoto wa Amélie".

Amélie aliinama akaangalia.

"Muganga, hapo pembeni uache nafasi kidogo."

"Ya nini?"

"Ya jina," alisema, akimtuliza mtoto. "Akimaliza sindano zote, nitakuja nikuambie."